Unasikia Kifaransa?

Mama mdogo wangu alirudi Lubumbashi siku ya tatu baada ya kuondoka. Tulikuwa tumemsindikiza hadi Luano watu kumi na mmoja, kwa picha na machozi na maombi marefu. Siku ya tatu teksi ikamshusha mbele ya lango, peke yake, na valizi ileile, kamba iliyoifunga haijaguswa. Viza alikuwa nayo. Bileti ya kurudi alikuwa nayo. Hata kile cheti cha kupokelewa ambacho mtoto wake alikwenda kukitafuta kwenye ofisi ya meya huko Ufaransa alikuwa nacho: kilikuwa ndani ya valizi, chini ya vitenge. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa umekwisha kusema kwamba amefukuzwa Ulaya.

Sitaki kuandika juu ya ukali wa Wazungu. Makala ya namna hiyo tunayo ya kutosha. Ninataka kuandika juu ya sentensi mbili za Kifaransa ambazo mama mdogo alizijibu vibaya, kwa sababu naona jambo hilo ni letu sisi wa fakulte ya lugha kabla halijawa la wanasheria.

Ya kwanza ilikuwa: «Vous comprenez le français?» Akajibu oui. Na kwa nini asijibu hivyo? Alisoma sekondari miaka minne, anafuata habari za redio kwa Kifaransa, mapadri anawajibu kwa Kifaransa. Sisi tunauliza: unasikia Kifaransa? Na kusikia, katika Kiswahili chetu cha Katanga, ni neno lenye mizigo mingi. Ni sauti kufika sikioni, ni maana kufika kichwani, tena ni kitu kuugusa mwili: nasikia baridi, nasikia njaa. Anayesikia Kifaransa ni mtu ambaye Kifaransa hakimpiti kama upepo. Kwa maana hiyo mama mdogo alisema ukweli mtupu. Ila polisi wa mpaka aliuliza jambo lingine kabisa, na hakuna aliyemweleza mama ni jambo gani.

Sheria ya wageni ya Ufaransa inasema kwamba mtu anayekataliwa kuingia aonyeshe, mwanzoni mwa shughuli, lugha anayoielewa, na aseme kama anajua kusoma. Majibu hayo yanaandikwa. Lugha aliyoitaja ndiyo itakayotumika mpaka mwisho. Akikataa kutaja lugha yoyote, itatumika Kifaransa. Someni tena hapo pa «mpaka mwisho». Lile oui dogo, lililotamkwa kwa adabu mbele ya dirisha baada ya usiku mzima wa kusafiri, lilikuwa limekwisha kuamua ni kwa lugha gani mama angesomewa sababu za kukataliwa, haki zake, na muda wake wa kulalamika.

Sentensi ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi. «Vous n'avez pas d'attestation d'accueil?» Mama akajibu: «Non.»

Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza aliyekaa katika somo la sarufi linganishi angeinua kichwa hapo. Kwa Kiswahili, ukiniuliza «Huna karatasi?» nami ninayo, nitakujibu «Hapana, ninayo». Ile hapana inaikataa kauli yako: si kweli ulivyosema. Kama kweli sina, nitakujibu «Ndiyo, sina», yaani umesema sawa. Kifaransa hakiendi hivyo. Huko non inathibitisha kwamba huna, na anayetaka kupinga ana neno lake la pekee, si, ambalo sisi tunajifunza shuleni siku moja na kulisahau siku ya pili. Mama mdogo alisema «Non» akiwa na maana ya «Si kweli, kipo, kipo mu valizi». Polisi akasikia «Sina». Akaandika. Na alipoulizwa kama hakuna mtu anayemngojea, akajibu non kwa nguvu zaidi, maana mtoto wake alikuwa amesimama upande wa pili wa ukuta tangu alfajiri.

Sisemi polisi yule alikuwa na nia mbaya. Huenda hakuwa nayo. Maneno aliyasikia vizuri kabisa.

Sasa tuangalie karatasi yenyewe, kwa sababu watu wengi wanaoomba viza hapa hawajapata kuiona, na wengi hudhani viza ni mlango. Viza inakupeleka hadi mlangoni tu. Nchi za Schengen zimeandika wazi kwamba kuwa na viza hakumpi mtu haki ya kuingia moja kwa moja; mpakani anaweza kuulizwa upya anakwenda kwa nani, atalala wapi, atakula nini. Ufaransa inahesabu fedha kwa siku: euro 65 kwa mwenye hoteli, euro 120 kwa asiye nayo, euro 32.50 kwa mwenye cheti cha kupokelewa. Akikosa kimoja kati ya hivi, mgeni anatolewa kwenye mstari, anapelekwa pembeni, na maswali yanaanza tena kwa utulivu zaidi, ambao wengi hudhani ni dalili njema.

Uamuzi wa kumkataa lazima uandikwe. Kuna fomu moja kwa nchi zote za Schengen, yenye orodha ya sababu, kila sababu na herufi yake. A ni kukosa pasipoti halali; C ni kukosa viza; E ni kukosa karatasi za kueleza shabaha na masharti ya safari; G ni kukosa fedha; I ni kuonekana hatari kwa usalama au kwa afya ya watu. Mama mdogo alipigiwa E. Ni herufi ya watu wa kawaida, wasio na kosa lolote ila karatasi. Fomu ina mahali pa sahihi, na sahihi hiyo maana yake ni kwamba umeipokea, haina maana ya kwamba umekubali. Nakala ni yako. Una haki ya kupeleka shauri mbele ya hakimu, lakini shauri lenyewe halizuii ndege: unaweza kurudishwa leo na hakimu akasoma barua yako baada ya miezi.

Kwa miaka mingi pasipoti ya aliyekataliwa ilipigwa muhuri wa kuingia, kisha muhuri ukakatwa kwa msalaba wa wino mweusi, herufi ya sababu pembeni yake. Tangu Oktoba 2025 mambo hayo yameanza kuhamia ndani ya kompyuta. Nasema hivi kwa sababu watu wa mtaani kwetu waliifungua pasipoti ya mama wakitafuta alama ya aibu.

Katika Ufaransa kuna haki moja ambayo majirani wengi wa Ufaransa hawana. Inaitwa jour franc. Mtu anayekataliwa kwenye uwanja wa ndege anaweza kudai asirudishwe kabla siku moja nzima haijapita. Siku hiyo huhesabiwa usiku wa manane hadi usiku wa manane: ukikabidhiwa karatasi Jumatatu asubuhi, Jumanne yote ni yako, na ndege haiwezi kukuchukua kwa nguvu kabla Jumatano haijaanza. Katika mipaka ya nchi kavu haki hii haipo. Na zamani ilikuja yenyewe; tangu sheria ya mwaka 2018 mgeni mwenyewe anaulizwa kwenye karatasi kama anaitaka, isipokuwa mtoto asiye na mzazi, ambaye analindwa bila kuomba. Kwa hiyo ni alama moja ya kalamu. Siku moja nzima ingetosha valizi kuletwa, cheti kutolewa chini ya vitenge, mtoto kupigiwa simu, avoka kutafutwa. Mama mdogo hakujua alichoulizwa. Hajui hata leo kama aliweka alama au hakuweka. Nakala aliyorudi nayo inaonyesha kwamba aliweka, upande wa kutoitaka siku hiyo.

Kama angeitaka, angelala katika zone d'attente. Ni mahali ambapo sheria tangu mwaka 1992 inaruhusu mgeni kuwekwa: siku nne za kwanza kwa uamuzi wa polisi, baadaye kwa ruhusa ya hakimu, na kwa kawaida zote pamoja hazizidi siku 20. Huko Roissy ni jengo lenye vitanda, vyumba vya kula, na ndege zinazoonekana kwa dirisha. Si gereza kwa jina, lakini mlango haufunguki kuelekea Ufaransa. Unafunguka tu kuelekea nchi nyingine itakayokupokea. Humo una haki ya kumwona daktari, kupiga simu, kuwa na mkalimani. Shirika liitwalo Anafé, lililoanza mwaka 1989, linawasaidia waliomo. Na anayeogopa kurudi kwao kwa sababu ya maisha yake anaweza kuomba hifadhi pale pale mpakani. Akikataliwa ana saa 48 za kwenda kwa hakimu, na hapo ndege inangoja. Saa 48 kwa lugha ya kigeni ni chache kuliko saa 48 kwa lugha yako.

Gharama za kurudishwa ziko juu ya kampuni ya ndege iliyokuleta, ingawa inaweza kukudai baadaye. Kampuni inayomleta mtu asiye na karatasi inaweza kutozwa faini ya hadi euro 10,000 kwa kila msafiri, na hiyo ndiyo sababu wafanyakazi wa kaunta, huku kwetu, wanaigeuza pasipoti yako mara tatu kama watu wanaotafuta kosa. Wanatafuta kosa kweli. Mara nyingi pasipoti ya anayerudishwa haipewi mwenyewe. Inasafiri ndani ya bahasha mikononi mwa wafanyakazi wa ndege, na anaipata tena akiwa nchini kwake, mbele ya watu wa migrasio, ambao nao wana maswali yao. Mama mdogo anasema sehemu hiyo ndiyo ilimwumiza kuliko zote. Mabegi ya wenzake yalikuwa juu ya vichwa vyao, jina lake lilikuwa ndani ya bahasha ya mtu mwingine.

Nimesema mtaa ulisema amefukuzwa. Hapa pana kazi nyingine ya kwetu. Tuna neno moja, kufukuzwa, nalo tunalitumia kwa mwizi aliyefukuzwa kazini, kwa mwanafunzi asiyelipa minervali, na kwa mama ambaye cheti chake kilikuwa ndani ya valizi. Sheria inatenganisha. Kukataliwa kuingia si kufukuzwa, kwa sababu aliyekataliwa hakuwa ameingia. Peke yake si marufuku ya kurudi tena pia, hata kama viza ileile inaweza kufutwa na ombi linalofuata likasomwa kwa jicho kali. Anayerudi na herufi E hajatenda kosa la jinai. Lakini jaribu kuyasema hayo kwa Kiswahili mbele ya majirani wanaosema «walimufukuza», uone utatumia sentensi ngapi.

Kifaransa nacho hakitusaidii. Neno refoulé, masikioni mwa Mkongomani, lina historia nzito. Ni jina la watu wa asili ya Kasai waliotolewa hapa Katanga mwaka 1992 na 1993, waliojaa kwenye vituo vya treni na vyombo vyao vya nyumbani. Ni jina la ndugu zetu waliovushwa kutoka Brazzaville mwaka 2014, na la wale wanaorudishwa kutoka Angola mara kwa mara. Mtu akisema mama yako ni refoulée, anaona godoro kichwani na watoto wanaolia. Neno hilo hilo, kwa sura ya refoulement, ndilo lililo ndani ya mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, kama jambo linalokatazwa. Na mkataba wa Umoja wa Afrika wa zamani, ule wa Addis Ababa wa mwaka 1969, unakataza wazi hata kumzuia mkimbizi mpakani akiwa bado hajaingia. Neno moja, mara ni aibu, mara ni ngao. Nani atawaeleza watu, kama si wanaosoma semantiki?

Najua jibu la baadhi ya wenzangu, hasa wa idara ya Kifaransa. Watasema: Kifaransa ni lugha rasmi ya nchi yetu, Katiba ya mwaka 2006 inasema hivyo katika kifungu cha kwanza, Mkongomani anayemwambia polisi wa Ulaya kwamba hakielewi anajidharau, tena anajiletea mashaka. Mwalimu mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba kuchagua Kiswahili ni kujiongezea saa za kungoja mkalimani. Ni kweli, anaweza kungoja. Mara nyingine mkalimani mwenyewe ni sauti tu kwenye simu. Na mwanafunzi wa lisansi anayeandika kazi zake kwa Kifaransa akidai hakielewi, polisi atakuwa na haki ya kumtazama mara mbili. Huyo achague Kifaransa, na aseme si panapohitajika si. Lakini kifungu hicho hicho cha kwanza kinataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa, na dola inatakiwa kuziendeleza. Mtu hadharau nchi yake akijibu kwa mojawapo. Swali la pale dirishani halihusu heshima ya shule zetu. Linauliza ni lugha gani usiyopotea ndani yake ukiwa umechoka, umeogopa, na karatasi inasubiri sahihi.

Tena Kiswahili kipi? Hili wenzangu hawaliulizi, nalo ni gumu kuliko lile la heshima. Tuseme mama amejibu «Kiswahili» na simu imeunganishwa. Upande wa pili kuna mkalimani mzuri, mwenyeji wa Dar es Salaam au Mombasa, anayemwambia kwamba ana haki ya kukata rufaa, kuwasiliana na ubalozi, na kumwita wakili. Mama anasikia Kiswahili kizuri cha Biblia na cha redio. Rufaa hajui ni nini. Kwetu watu wanasema appel, wanasema avoka, wanasema ambasade. Atajibu ndiyo kwa adabu ileile aliyojibu nayo oui.

Wala tusiwanyooshee kidole wa mbali tu. Nendeni Kasumbalesa Jumamosi. Dereva wa lori kutoka ng'ambo ya Zambia anakuja na Kibemba chake na Kiingereza chake, na upande wetu karatasi ni za Kifaransa. Akizuiwa, mara nyingi anazuiwa kwa mdomo: rudi. Hakuna herufi, hakuna nakala, hakuna tarehe ya kulalamika. Mwanamke wa biashara ndogo akizuiwa na upande wa pili, ni vilevile. Kesho anajaribu saa nyingine, kwa mtu mwingine, na bei nyingine. Nchi yetu imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Itifaki ya soko la pamoja ya Jumuiya hiyo inaruhusu kuzuia watu kwa sababu tatu tu: utulivu wa umma, usalama wa umma, afya ya umma. Ni sababu zinazohitaji kutajwa, na kuzitaja kunahitaji lugha ambayo wote wawili wanaijua. Katika mipaka mingi ya mashariki lugha hiyo ipo tayari, nayo ni Kiswahili, hata kama fomu hazijaambiwa.

Mwezi uliopita tulikaa wanafunzi wanne, tukaichukua nakala ya mama mdogo, tukaifunika majina, tukaanza kuiandika kwa Kiswahili ambacho muuzaji wa soko la Kenya angekielewa bila kuomba msaada. Tulidhani ni kazi ya mchana mmoja. Orodha ya sababu ilitupa shida ndogo. «Kukataliwa kuingia» ilikaa vizuri. Kwa recours tuliandika kwanza rufaa, tukaifuta, tukaandika «kupeleka mambo kwa juge», na hatuoni haya. Kila swali lenye kanusho tuligeuza: badala ya «Huna cheti?» tuliandika «Cheti kiko wapi?»

Tulikwama kwenye jour franc. «Siku huru» inafanana na sikukuu. «Siku kamili» watu wanaihesabu saa 24, na si hivyo. Mama mdogo, ambaye alikuwa ameketi nasi akichambua maharagwe, alisema iitwe siku ya kungoja. Lakini mahali penyewe panaitwa pa kungoja, na wanaokungojesha ni wao, huku siku hii ni wewe unayewangojesha. Hatujakubaliana. Karatasi tumeibandika kwenye ubao wa matangazo, karibu na biblioteke, na nafasi ya neno hilo tumeiacha wazi.